Presha Haibishi Hodi

Wiki hii ukurasa wa mwalimu hauna ngeli wala methali. Nimeombwa niandike kuhusu moyo, kwa sababu ya jambo lililotokea muhula uliopita pale mezani wakati wa chai.

Siku ile nilikuja shuleni moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, na kwenye begi nilikuwa na mashine yangu ya kupimia presha. Mama mmoja akaniomba nimpime, akafuata mwenzake, mara foleni ikawa ndefu kuliko ya maandazi. Baba mmoja, ambaye hajawahi kukosa kuleta watoto wake hata siku ya theluji, akakaa kitini huku anacheka. Mashine ikasoma 172 kwa 104. Nikamwambia apumzike dakika tano, asiongee, nikampima tena. 168 kwa 102. Akaniangalia kwa huruma: "Mwalimu, mashine yako mbovu hiyo. Mimi mzima. Hata kichwa hakiniumi."

Mashine haikuwa mbovu. Presha ya kupanda haiumi. Haikohoi, haiwashi, haileti homa. Mtu anaweza kuishi nayo miaka kumi akifanya kazi, akicheza na watoto, akilala usingizi mzuri, na muda wote huo inakwangua mishipa yake kimyakimya. Wengi huigundua siku ya kiharusi, au wakipimwa kwa bahati tu, kama baba yule.

Nalijua hili kwa uchungu. Dada yangu mkubwa yuko Tanga. Aliambiwa ana presha, akapewa vidonge, akavinywa miezi mitatu, akajisikia vizuri, akaviacha. Simlaumu. Sisi tumekulia kwenye malaria: unakunywa dozi, unapona, basi. Hakuna aliyemkalisha chini akamweleza kwamba hii ni dawa ya aina nyingine. Asubuhi moja alishindwa kushika kikombe kwa mkono wa kulia. Leo anatembea kwa fimbo, na maneno yanamtoka kwa shida, yeye aliyekuwa akituchekesha msibani. Mimi nilikuwa hapa London, muuguzi, napima presha za watu ishirini kwa siku. Tulikuwa tukiongea kwa simu kila Jumapili. Sikumuuliza hata mara moja kama bado anakunywa dawa zake.

Sasa watoto, kunjeni ngumi. Moyo wa mtu una ukubwa kama wa ngumi yake. Ni msuli, kazi yake kusukuma damu, na hupiga karibu mara 100,000 kwa siku bila likizo. Ukijikaza, damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu: hiyo ndiyo namba ya juu kwenye mashine. Ukilegea kati ya pigo na pigo, nguvu inapungua: hiyo ndiyo namba ya chini. Kwa mtu mzima namba kama 120 kwa 80 ni nzuri. Hapa Uingereza, ikifika 140 kwa 90 kliniki, au wastani wa 135 kwa 85 nyumbani, daktari anaiita presha ya kupanda. Mshipa unaosukumwa kupita kiasi mwaka hadi mwaka hukakamaa, ukuta wake wa ndani unapata michubuko, na mafuta yanayoitwa kolesteroli yananasa pale. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, hupata mshtuko wa moyo. Wa ubongo ukiziba au ukipasuka, ni kiharusi. Figo nazo huharibika taratibu.

Mzazi mmoja aliniambia pale mezani, "Haya ni maradhi ya wazungu." Hakukosea sana, kama angelikuwa anazungumza miaka ya 1950. Wakati ule daktari aitwaye Gerald Shaper alikuwa Kampala, kwenye chuo cha Makerere na hospitali ya Mulago. Mwaka 1959 yeye na mwenzake walichapisha utafiti kuhusu kolesteroli, chakula na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Waafrika na Waasia wa Uganda. Kwa Waafrika ugonjwa huo ulikuwa karibu haupo. Kwa Waasia wa mji uleule, chini ya jua lilelile, ulikuwa wa kawaida. Kolesteroli zao zilitofautiana, na chakula chao pia. Shaper baadaye alihamia Uingereza, na mwishoni mwa miaka ya 1970 akaanzisha utafiti mkubwa wa wanaume 7,735 katika miji 24 ya nchi hii, ambao umewafunza madaktari mengi kuhusu sigara, presha na kolesteroli. Kwa hiyo sehemu ya elimu inayotumika kwa GP wako hapa ilianzia kwenye maswali yaliyoulizwa Kampala.

Lakini utafiti ambao ningependa kila mzazi wa shule hii aujue ni wa Kenya. Unawahusu watu waliohama.

Miaka ya 1980 watafiti, akiwemo daktari Mwingereza Neil Poulter, waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Viktoria kwenda kutafuta maisha Nairobi. Kijijini presha za watu zilikuwa chini. Watafiti waliwapima wahamiaji mara tu walipofika mjini, wakaendelea kuwapima kwa miezi, na kuwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha za waliohama zilipanda, na hazikusubiri uzee: zilianza kupanda mapema baada ya kuhama. Uzito uliongezeka. Mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka zaidi. Mkojo wao ulionyesha kwamba wanakula chumvi nyingi kuliko walipokuwa kijijini, na potasiamu kidogo, yaani ile madini iliyomo kwenye ndizi, viazi, maharage na mboga za majani.

Tafadhalini soma aya hiyo tena. Watu walewale, damu ileile ya ukoo, safari ya siku moja kwa basi. Kilichobadilika ni chungu, kazi, na wasiwasi wa mjini. Na hao walihama kutoka kijijini hadi Nairobi tu. Sisi tumetoka Mombasa, Tanga, Bukavu, Unguja, Kampala, tumekuja kuishi kwenye zamu za usiku, chakula cha kufungiwa na mwezi wa Januari.

Hapa London nako umefanyika utafiti unaotugusa. Tangu mwaka 1988, watu wa Southall na Brent wenye asili ya Ulaya, ya Asia Kusini na ya Karibi wamefuatiliwa kwa miongo. Ulionyesha kwamba wenye asili ya Asia Kusini na Karibi hupata kisukari kwa kiwango cha karibu mara mbili ya Wazungu, na kwamba hadi wanafika miaka 80 nusu yao walikuwa nacho. Wenye asili ya Karibi walipata kiharusi zaidi. Sisi wa Afrika Mashariki hatukuwa kundi tunalotajwa kwa jina, ingawa anayeijua Wembley anajua Waasia wangapi wa huko walipitia kwanza Nairobi au Kampala. Ndiyo sababu mwongozo wa afya wa hapa unasema kwa watu weusi na Waasia hatari ya kisukari ianze kuangaliwa kwenye uzito mdogo zaidi: kipimo cha BMI cha 23, si 25 kama kwa wengine.

Watoto, hii ni yenu. Mnapanda mabasi ya ghorofa kila siku. Zamani basi la London lilikuwa na watu wawili kazini: dereva aliyekaa mbele, na kondakta aliyepanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Daktari Jerry Morris aliwachunguza maelfu ya wafanyakazi hao, na mwaka 1953 akachapisha alichokiona. Makondakta walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kidogo kuliko madereva, na walipougua hawakufa kwa wingi kama wao. Kondakta alipanda ngazi 500 hadi 750 kwa siku. Dereva alikaa. Kabla ya hapo watu wengi walidhani mazoezi ni starehe ya vijana. Morris mwenyewe alikuwa mtu mwangalifu, hakukimbilia kushangilia. Yeye na wenzake walikwenda kuangalia vipimo vya sare, wakakuta madereva walikuwa wanene kiunoni tangu walipoajiriwa, kwa hiyo ngazi peke yake haikueleza kila kitu. Baadaye aliwachunguza watumishi wa serikali, na mazoezi bado yakaonekana yana faida. Aliishi hadi miaka 99, na alikuwa mpenzi wa mazoezi mwenyewe.

Kwa hiyo nikisema tushuke kituo kimoja kabla, au tuache lifti kwa wenye magari ya watoto, sitanii. Mtu mzima anahitaji dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa wiki. Wengi wetu tunaofanya usafi au kazi za wodini tunadhani tumeshatimiza. Kusimama kutwa kunachosha miguu lakini si lazima kuupe moyo kazi. Kipimo ni pumzi: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Chungu sasa. Mtu mzima hapa anashauriwa asizidishe gramu 6 za chumvi kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate, soseji, chipsi na kuku wa dukani. Tatizo letu kubwa, naomba msinikasirikie, ni vile vidonge vya mchuzi. Nimewahi kumwona mama akitia Royco, halafu Maggi mbili, halafu chumvi "ya kuonja". Nami nilikuwa hivyo. Nilianza kupunguza kidonge kimoja, nikaongeza kitunguu saumu, ndimu, bizari na pilipili manga. Wiki mbili wanangu walinung'unika. Wiki ya tatu walikula kwa jirani wakasema chakula kina chumvi nyingi. Ulimi hujifunza. Achari na ng'onda navipenda hadi kesho, ila si kila siku.

Nchini China utafiti wa watu karibu 21,000 katika vijiji 600, uliotolewa mwaka 2021, uliwapa nusu ya vijiji chumvi ambayo sehemu yake imebadilishwa kuwa ya potasiamu. Viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Chumvi hiyo inauzwa hata hapa, lakini mwenye ugonjwa wa figo au anayekunywa baadhi ya dawa za presha asiinunue kabla ya kumuuliza mfamasia, kwa sababu potasiamu ikizidi nayo inaweza kuuvuruga moyo.

Sigara sina la kuongeza. Acheni. Na shisha ni tumbaku, hata ikinukia tufaha.

Nije kwenye dawa, maana ndipo tunapopotezana. Presha ya kupanda kwa kawaida haiponi, inashikiliwa. Kidonge cha leo kinafanya kazi ya leo. Mashine ikisoma vizuri ukiwa kwenye dawa, maana yake dawa inafanya kazi, si kwamba ugonjwa umekwisha. Watu wengine hushuka uzito, hubadilisha chakula, na daktari huwapunguzia. Lakini ni yeye anayepunguza, kwa vipimo, si wewe kwa sababu umejisikia vizuri.

GP wa hapa akimkuta mtu mwenye asili ya Afrika ana presha na hana kisukari, mara nyingi humwanzishia amlodipini. Wengine hunong'ona kwamba wanapewa dawa ya daraja la chini. Si hivyo. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Afrika kwenyewe, katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, kwa wagonjwa weusi 728. Walilinganisha dawa zikitolewa mbilimbili. Jozi zilizokuwa na amlodipini ndani yake zilishusha presha vizuri kuliko ile isiyokuwa nayo. Dawa hii huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Ikitokea, rudi ukaseme, ziko nyingine. Usiifiche droo na kumwambia daktari unakunywa, kwa sababu ataongeza ya pili juu ya ile ambayo hunywi. Kwa wanaofunga Ramadhani, vidonge vingi vya mara moja kwa siku vinaweza kuhamishiwa futari au daku. Muulize mfamasia wiki mbili kabla, si usiku wa mwandamo.

Kolesteroli nayo ina dawa zake, statini. GP anaweka umri wako, presha, sigara, kisukari, hata asili yako na mtaa unaoishi kwenye kompyuta, inatoa asilimia ya hatari yako kwa miaka 10 ijayo. Ikifika 10 au zaidi, utapewa dawa hiyo. Ukiikataa ni haki yako, lakini ikatae ukiwa umeelewa namba yako. Maji ya ndimu na kitunguu saumu yanayosifiwa kwenye WhatsApp hayanidhuru nikiyanywa, na sijaona yakimtosha mtu mwenye 172.

Kupima ni bure. England kuna uchunguzi wa afya wa NHS kwa wenye miaka 40 hadi 74, kila miaka mitano, na maduka mengi ya dawa yatakupima presha bila malipo ukiwa na miaka 40 na kuendelea. Kujiandikisha kwa GP hakuhitaji karatasi za uhamiaji. Nasema hivi kwa sababu najua wapo wanaoogopa. Ukijipima nyumbani, kaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Asubuhi mara mbili na jioni mara mbili, siku saba, andika zote, hata zisizokupendeza.

Sasa lugha, maana hii bado ni shule ya Kiswahili. Wiki chache zilizopita mwanafunzi wangu mmoja alinisimulia jinsi alivyomtafsiria bibi yake kwa daktari. Bibi alisema anaumwa chembe cha moyo. Mtoto, maskini, akatafsiri neno kwa neno, na daktari akabaki anatazama. Chembe cha moyo ni pale juu ya tumbo, chini ya kifua, katikati. Na "moyo unaniuma" kwa bibi huenda ni huzuni, na kiungulia ni tindikali ya tumbo. Haya si maneno ya kumbebesha mtoto wa miaka kumi na moja, tena mtoto anayeweza kusikia habari mbaya kabla ya mama yake. Mkalimani wa NHS ni bure. Ukipiga simu kuomba miadi, sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili.

Jambo moja tu nawaomba watoto mlijue kama jina lenu. Mtu mzima akishikwa na maumivu ya kifua yanayobana au kukandamiza, yakaenda mkononi, shingoni au tayani, akatoka jasho la baridi, piga 999. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari huweza kuja kama kuishiwa pumzi, kichefuchefu, au maumivu kwenye hicho hicho chembe cha moyo. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikataa kuinuka, maneno yakivurugika, piga 999 hata kama vimeisha baada ya dakika mbili. Msimwite mjomba aje na gari. Ambulensi za London humpeleka mwenye mshipa wa moyo ulioziba moja kwa moja kwenye hospitali yenye wataalamu wa kuuzibua, na si lazima iwe ile iliyo karibu na kwenu. Mjomba hajui ni ipi.

Baba yule alikwenda kwa GP Jumanne. Sasa anakunywa kidonge kimoja, na wiki iliyopita mashine yangu mbovu ilimpa 138 kwa 86. Bado tunadaiana kidogo.

Jumamosi ijayo nitakuwa chumba cha nyuma karibu na jiko, saa nne hadi saa sita mchana, mashine iko tayari, na nimenunua mkanda mpana kwa wenye mikono minene. Msinywe kahawa nusu saa kabla.

Na kazi ya nyumbani kwa madarasa yote. Jumapili mkipiga simu nyumbani, baada ya salamu zote na habari za mvua, ulizeni kwa Kiswahili: "Shikamoo bibi. Dawa yako ya presha umeshakunywa leo?" Andikeni alichojibu, sentensi tatu. Mimi nitaandika la dada yangu.